Simu ya Mjane kwa Mtangazaji

Kila asubuhi, kabla ya kuwakemea waigizaji, wanasiasa na wachezaji wanaopiga goti kupinga ubaguzi wimbo wa taifa ukipigwa, mtangazaji huyo wa redio wa Oklahoma, Marekani, huvua kofia, akausikiliza wimbo wenyewe akiwa amesimama peke yake studioni, mkono kifuani. Fundi wake wa sauti, Darlene, humtazama kupitia kioo.

“Leo unamchinja nani, mzee?”

“Wale wa Hollywood. Wanajipanga foleni wenyewe.”

Akiwa hewani, sauti ya mtangazaji hupanda kabla hasira haijafika. Leo akapiga simu mjane mmoja.

“Bwana, mume wangu alikusikiliza hadi mwisho. Mwanetu alipiga goti uwanjani, basi baba yake akakataa kumwona hata alipokuwa mwenyewe mahututi hospitalini. Tumemzika jana. Kijana yuko hapa jikoni, anakusikia. Mwambie kwamba baba yake alimpenda. Aliyekuwa akimwamini ni wewe.”

Mtangazaji akaisogelea maikrofoni, akafumbua mdomo. Halikutoka neno. Redioni kimya ni kosa kubwa, naye hajawahi kulitenda.

“Sema chochote, bwana. Anasubiri.”

Akampungia Darlene mkono, aweke tangazo la biashara. Darlene, aliyeitii ishara hiyo miaka yote, akaiweka mikono yake mapajani.