Moto wa Mzee Macario

Wifi yangu Nemesia hajui kugombana, na hilo limenikera tangu siku kaka yangu alipomwoa. Kaka alipofariki alimwachia mabinti wawili na shamba chini ya mlima Sajama. Juu ya hayo, Nemesia akamchukua baba yake, mzee Macario, ambaye akili zilikuwa zimeanza kumtoka. Mzigo wote ukawa wake.

Mwaka ule jalidi, ile baridi ya usiku inayogandisha kila kitu, ilitushukia Februari, ikaunguza viazi vizuri vyote shambani. Nemesia alibakiwa na vile vichungu tu. Hivyo havifi kwa baridi, lakini ukivipika vibichi utashika tumbo siku nzima. Dawa yake ni jalidi ileile: Juni unavimwaga uwandani vigande usiku, unavikanyaga kwa miguu mitupu vitoe maji, kisha unavianika. Hapo umepata chunyo, chakula cha mwaka mzima. Visipoganda sawasawa vinaoza, na mwaka huo mtakula nini, Mungu ndiye ajuaye.

Juni ilipofika tukavimwaga, na usiku wa kwanza baridi ilikuwa ya mzaha. Viazi viliganda juujuu, mchana vikalainika. Usiku wa pili mbingu ilikuwa safi na upepo umetulia, nami nikamwambia Nemesia akalale, kazi imekwisha. Mdomo wangu huu!

Alfajiri tulikuta moshi umetanda uwandani. Mzee alikuwa ameisikia baridi mifupani, akafanya alichofanya maisha yake yote jalidi inapotishia shamba: alizungushia viazi mafungu ya samadi ya lama, wanyama wetu wa mizigo, na majani mabichi, akawasha. Moshi ukavifunika kama blanketi. Nilibonyeza kiazi kimoja, kikabonyea.

Mzee akaja mbio, uso mweusi kwa masizi, furaha tele.

"Nimeviwahi, mwanangu," akasema. "Hakikuganda hata kimoja."

Nilifungua kinywa nimpe zake. Nemesia akanishika mkono, akanibana hasa.

"Asante, baba. Nenda ukanywe supu."

Mzee alipoondoka nilimwambia wifi waziwazi kwamba watoto wake hawatakula asante. Mawingu yalikuwa yanajikusanya ng'ambo ya mlima, na penye mawingu jalidi haishuki. Tulibakiwa na usiku mmoja, tena kwa bahati. Nikamshauri amfungie mzee ndani.

"Nikimfungia atalia mpaka asubuhi, wifi. Atajua viazi vinakufa." Akageukia upande wa zizi. "Shamba lako la nyuma ya zizi lina nini?"

"Mawe."

"Niazime."

Jioni akampeleka baba yake huko, mbali, mahali ambapo moshi usingefika kwenye viazi. Akamwambia kuwa mimi ni mwanamke peke yangu, sina wa kunilindia shamba, na jalidi inakuja. Mzee akanitazama kwa huruma, akaanza kupanga samadi. Mimi, niliyetaka afungiwe, nikaachwa nimchunge asirudi uwandani.

Nilikaa pale nikimlaani Nemesia kimoyomoyo, macho juu. Mawingu yalifunika nyota, yakaachia, yakafunika tena. Nilikuwa naogopa kweli, nawaona wale mabinti na sahani tupu. Mzee alinigawia majani yake ya koka nitafune, akaniambia nisiogope, yeye yupo. Kisha mbingu ikafunguka, na baridi ikaanza kunichoma vidole licha ya moto.

Kulipopambazuka nilimwona Nemesia uwandani amepiga magoti. Aligonga kiazi kwa kiazi, na mlio ukanifikia mpaka nyuma ya zizi: vilikuwa vimekakamaa kwa barafu. Vilivyooza alivitupa pembeni, na havikuwa vichache, lakini vilivyobaki vingewavusha. Akavua ndala, tayari kuvikanyaga jua likivilegeza, huku analia.

Mzee Macario alikuwa amesimama katikati ya mawe yangu, macho mekundu kwa moshi, anatetemeka.

"Vyako vimepona, binti?" akaniuliza.

Nikayatazama yale mawe.

"Vimepona, baba," nikamwambia. "Vyote."