Homa Aliyoitabiri Sista Bathsheba

Siku ya kumi na tisa baada ya mvua kubwa, homa ilipoingia kijijini kama alivyosema, Sista Bathsheba hakufurahi kwamba alisema kweli. Aliogopa.

Alikuwa muuguzi wa zahanati ndogo upande wa Nyamache, mwaka wa ishirini na sita sasa. Alipoanza kazi, malaria ilikuwa ugonjwa wa watu waliotoka safari za ziwani. Huku milimani baridi ilikuwa kinga tosha. Lakini joto lilikuwa limepanda mlima, naye aliliona kwenye rejista ya wagonjwa kabla halijatajwa redioni. Akatundika kopo na kipimajoto nyuma ya zahanati, akawa anapima mvua kila asubuhi na joto kila adhuhuri. Miaka sita ya kuandika ilimfundisha jambo moja: mvua ikinyesha kwa fujo, kisha jua kali lifuate, mashimo yanayochimbwa udongo wa matofali kule bondeni hujaa maji ya vuguvugu. Mbu huzaana humo, na baada ya wiki tatu hivi watoto huanza kutetemeka.

Ndiyo maana Sabato moja ya mwezi wa tano alisimama kanisani wakati wa matangazo.

"Ndugu zangu, kabla mwezi haujaisha homa itakuja, na itaanza na nyumba za karibu na bonde. Tundikeni neti. Na yale mashimo yafukiwe."

Watu waliitikia amina, wakaenda zao kula.

Homa ikaja, na ikaanza na nyumba za karibu na bonde. Binti wa Jacinta, mtoto wa miaka minne, alikata roho mikononi mwa Bathsheba, gari la wagonjwa likiwa bado linahangaika na matope ya barabarani.

Hapo ndipo swali lilipozaliwa. Lilianzia kwenye kituo cha kununulia majani chai, likashuka hadi chemchemi, likazunguka soko zima: alijuaje?

Swali hilo, likiulizwa juu ya mjane aliyepita miaka hamsini na anayeishi peke yake, si swali tena. Ni njia ya kumwita mtu mchawi bila kulitamka neno lenyewe. Bathsheba alikuwa msichana wa shule alipoiona nyumba ya bibi mmoja jirani ikiteketea kutoka paa hadi msingi, huku watu wamesimama kimya kama walio mazishini. Harufu ile haikumtoka mpaka leo.

Sokoni, muuza ndizi hakuzipokea pesa zake mkononi. "Weka hapo juu ya gunia," alimwambia. Njiani, mama mmoja kijana alipomwona alimfunika mtoto wake uso kwa leso. Jumatatu, alipofungua zahanati, alikanyaga karatasi iliyopenyezwa chini ya mlango. *Ulijuaje? Moto haubishi hodi.*

Duncan, afisa wa kliniki kijana aliyefanya naye kazi, aliisoma mara mbili.

"Mama, nenda kwa Bosire Nakuru. Nenda leo."

"Nikienda kwa mwanangu watasema nimekimbia."

"Na ukibaki?"

Bathsheba aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Akamsukumia trei ya sindano. Siku hiyo Duncan ndiye aliyechanja watoto.

Mchana alikuwa amekwisha kufunga begi. Alipita dukani kununua vocha ya simu, akamkuta Masese, mwenye mashimo makubwa kuliko yote, akizungumza na wenzake huku amempa mgongo. "Shimo haliui mtu," Masese alikuwa akisema kwa upole. "Mtu ndiye huua mtu." Wenzake walimwona Bathsheba, wakamwashiria ageuke.

Alitoka bila vocha. Akiondoka, mashimo yatabaki, na mvua nyingine itakuja. Akamchukua Duncan, wakaenda kwa Chifu Obwocha kuomba baraza.

"Una hakika unataka kusimama mbele ya watu hawa?" chifu alimuuliza.

"Sina. Lakini afadhali nisimame wakiniona kuliko wanijie nisipowaona."

Alhamisi uwanja ulijaa. Bathsheba alisimama na daftari lake na chupa ya maji. Alikuwa bado anafungua kurasa.

"Mong'ina, mama mzee, sema ulijuaje!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Nitawaambia," alisema Bathsheba, "na mkitoka hapa kila mmoja wenu atajua kama mimi."

Akawasomea mvua, joto na siku, mwaka baada ya mwaka. Akaipitisha chupa, viluwiluwi vya mbu vikicheza ndani. Kisha Jacinta, yule aliyefiwa na binti, akainuka, na Bathsheba akadhani mambo yamekwisha. Jacinta aliishika chupa, akaiinua juani.

"Wametoka wapi hawa?"

"Shimo lililo nyuma ya nyumba yako, mwanangu."

Jacinta hakumgeukia yeye. Alimgeukia Masese. "Mzee, nilikuomba mara ngapi ulifukie?"



Mashimo mawili yalifukiwa wiki hiyo. Matatu yalibaki hadi chifu alipotishia kumshtaki Masese. Si wote walioamini. Muuza ndizi bado alielekeza kidole kwenye gunia, na Bathsheba alibadilisha kufuli la mlango wake.

Lakini yeye, Duncan na wauguzi wengine watatu waliandikia serikali ya kaunti: mvua na joto vifuatiliwe, onyo litolewe mapema, neti na dawa zifike kabla ya homa. Walipoitwa Kisii mjini kujieleza, Bathsheba aliongeza ombi moja. Onyo lisitolewe na mhudumu mmoja. Liwe na majina ya watano, lisomwe makanisani, shuleni na barazani katika wiki moja.

"Watano wa nini, mama?" afisa mmoja alicheka.

"Kwa sababu mmoja huchomwa."

Afisa alivuta kalamu, akaandika: watano.

Mvua za mwezi wa kumi zilipozidi, onyo lilisomwa kanisani. Jina lake lilikuwa la tatu. Alilisikia likitajwa akiwa amekaa benchi la mwisho, karibu na mlango, akihesabu nyuso zilizogeuka kumtazama.