Masika Watatu kwenye Benchi Moja

Jani bichi la mgomba likipitishwa juu ya makaa halinuki kuungua. Hutoa harufu tamu kidogo, yenye unyevu, kama ya mboga inayoanza kuchemka, na rangi yake hung'aa ghafla kana kwamba limepakwa mafuta. Mama alikuwa akilivuta polepole, mara moja kwenda na mara moja kurudi, mpaka linalegea na kuwa laini kama kitambaa. Kisha alilitandika chini ya Bibi, mama mzaa baba, ambaye upande wake wa kushoto ulikuwa umepooza. Jani halipitishi maji, halichubui ngozi, na likichafuka hutupwa migombani. Matandiko ya plastiki hatukuwa nayo. Kwa karibu mwaka mzima nyumba yetu, mlimani juu ya mji wa Bwera, iliamka na harufu hiyo. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na kazi yangu ilikuwa kukata majani manne kila siku, yasiyopasuliwa na upepo.

Sina budi kueleza majina, maana ndiyo yaliyosababisha nitakayoyasimulia. Kwetu Wakonzo, watu wa milima hiyo, mtoto hupewa jina kwa nafasi aliyozaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, na kuendelea. Wasomaji wa pwani wakiona jina langu hudhani nilizaliwa wakati wa mvua za masika, lakini nilizaliwa wakati wa kiangazi. Ni kwamba tu nilitangulia wadogo zangu. Mama naye alikuwa wa kwanza kwao, na Bibi wa kwanza kwao. Kiharusi hakikuugusa ulimi wa Bibi. Kila asubuhi tulimsikia akilalamika kutoka kitandani: “Masika watatu nyumba moja, na chai bado haijaiva! Angezaliwa Biira mmoja tungekunywa.” Mama alicheka. Katika miezi ya mwanzo alikuwa bado anacheka.

Kabla ya ugonjwa huo Mama aliuza maharage katika soko la Mpondwe, mpakani, kila Jumanne na Ijumaa. Sasa siku zake zilipimwa kwa kumgeuza Bibi. Alipiga goti moja kitandani, akapitisha mkono chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, akahesabu moja, mbili, na ya tatu akaimeza kwa pumzi. Bibi alikuwa na mwili mkubwa. Kisha ulifuata uji, kijiko kwa kijiko, halafu nguo za kufua mtoni, halafu kumgeuza tena. Wageni waliokuja waliinama kitandani na kuuliza, “Mgonjwa ameamkaje?” Mama alijibu kwa niaba ya mgonjwa. Sikumbuki hata mgeni mmoja aliyemuuliza yeye ameamkaje. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nasi wa nyumba hiyo hiyo tuliuona mzigo wake mwepesi hivyo hivyo.

Aliyeuona uzito wake ni mmoja tu, Mama Biira, jirani yake wa meza sokoni. Alipanda kilima akihema, akaketi jikoni. “Masika, umetupotea. Wale wateja wa ng'ambo ya mpaka kila siku wananiuliza, ‘Ule mama ya maharage iko wapi?’ Nimewaambia umeolewa tena.” Mama akacheka mpaka akafuta macho. Ndipo mgeni akasema alichokuja kusema: yeye angekaa na Bibi kila Ijumaa, Mama ashuke sokoni, hata kama hana cha kuuza. Mama aliacha kucheka. Alisema asante, kisha akasema hapana. Mgeni alipoondoka nilimuuliza kwa nini. “Ndugu za baba yako watasema nimemchoka mama yao,” akajibu, akaenda kumgeuza Bibi.

Mara moja kwa mwezi Bibi alipelekwa kupimwa presha kwenye zahanati ndogo ya mtu binafsi, ambayo siku hizi ni duka la saruji. Baba na jirani walimbeba kwa machela hadi barabarani, wakatupakia kwenye gari la mizigo, wakarudi kwenye kahawa yao. Mwezi mmoja tulikuta muuguzi mpya, mke wa askari, mzaliwa wa mbali sana na kwetu, aliyezungumza Kiswahili cha kambini. Tuliketi kwenye benchi moja, Bibi tumemwegemeza ukutani, Mama kati, mimi pembeni. Muuguzi akashika karatasi na kupaza sauti: “Masika! Masika ni nani hapa? Leta mkono. Haraka, watu ni wengi.” Mama aliinuka. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na ninaamini aliinuka kwa sababu tangu utotoni alifundishwa kwamba jina hilo likiitwa, kuna kazi. Muuguzi akamfunga kitambaa mkononi, akaminya mpira, akasikiliza, akaminya tena. Akaandika.

“Sista,” Bibi akasema kutoka ukutani, “mgonjwa ni mimi.”

“Na huyu?”

“Huyu ni Masika. Na yule mdogo ni Masika.”

“Nyinyi wote? Hii familia ilikosa majina?”

“Kwetu jina halitafutwi, Sista. Linakungoja mlangoni.”

Benchi nzima ilicheka, na muuguzi naye akacheka. Akaikata ile namba kwa mstari mmoja ulionyooka, akampima Bibi, akaandika nyingine chini yake. Kisha uso wake ukabadilika. Akamwambia Mama kwa sauti ya chini, “Lakini wewe, mama, yako si mchezo. Kaa hapo, nitaita daktari.” Mama alikuwa tayari anashusha mkono wa gauni lake. “Mimi ni mzima, Sista,” akasema. “Mimi nimemleta mgonjwa.” Gari lilikuwa linapiga honi nje. Tukaondoka.

Karatasi niliibeba mimi. Mstari ule haukuifuta namba, na mimi nilikuwa mzuri wa hesabu. Ya Bibi ilikuwa mia na sitini juu ya mia. Ya Mama ilikuwa mia mbili na kumi juu ya mia na ishirini. Sikujua namba hizo hupima nini, ila nilijua ipi ni kubwa, na nilijua ni nani kati yao aliyeitwa mgonjwa. Njiani nilimuuliza Mama. “Usimwambie baba yako. Atafikiri natafuta sababu.” Nikaahidi. Nilikuwa mtoto mtiifu, na utii ule ninaujutia hadi leo.

Ilikuwa mwishoni mwa msimu wa kahawa, wiki chache baadaye. Nilikuwa uani nikiigeuza kahawa iliyoanikwa juani niliposikia harufu ambayo jikoni mwetu haikuwahi kutokea: jani la mgomba linaungua. Ilikuwa kali, chungu, yenye moshi. Nilijua kabla sijaingia, kwa kuwa Mama hakuwahi kuliacha jani liungue. Nilimkuta amelala ubavu kando ya mafiga, macho wazi, jani likiteketea mkononi. Kuanzia siku hiyo upande wake wa kulia haukusogea, na maneno yakamwacha. Tukawa na vitanda viwili. Bibi aliutazama uso wa Mama ng'ambo ya chumba na kuacha mizaha yake yote. Aliwahi kusema jambo moja tu, bila kumlenga mtu: “Sista hakukosea jina.” Alikufa kabla ya mvua zilizofuata.

Mama aliishi miaka tisa zaidi. Mimi niliacha shule kabla ya kumaliza darasa la saba, nikajifunza nilichoweza kando ya kitanda chake: Kiswahili kutoka kamusi isiyo na jalada, na uuguzi kutoka vitabu vilivyotupwa. Nilijifunza kwamba anayegeuza mwili mzito naye huumia mgongo, na kwamba anayekula makoko ya uji wa mgonjwa hajala. Haya siku hizi nayasema Jumamosi kwa wanawake wachache wa kanisani kwetu hapa Kasese mjini, kila mmoja akiwa na mtu kitandani. Husemwa mgonjwa haulizwi uji. Nami huwaambia kwamba anayemuuguza ni lazima aulizwe, kwa sababu mwenyewe hatasema. Akija Mama Biira, mpe Ijumaa yako. Watakaosema watasema ukiwa hai.

Sasa namtunza Baba. Nina shuka la plastiki, simu ya kumwita mtu wa bodaboda, na binti wa dada yangu anayekaa naye Jumatano mimi nikiwa nimelala mchana bila aibu. Sina migomba, na harufu ya asubuhi ni ya sabuni. Akili yake huja na kuondoka. Siku nyingine huuliza kama Mama amesharudi kutoka sokoni. Kila mwezi nampeleka kupimwa, na akimaliza napandisha mkono wa gauni langu na kuutoa wangu. Wauguzi wamezoea. Mwezi uliopita Baba alikitazama kile kitambaa kikijaa upepo mkononi mwangu, akakunja uso.

“Masika, kumbe mgonjwa ni wewe?”

“Hapana, Baba. Nimekuja na mgonjwa. Lakini na mkono nimekuja nao.”

Kisha akauliza, “Na mama yako, walimpima?”

Ahadi ile nilikuwa nimeitunza miaka thelathini na tano. Nilingoja muuguzi aandike namba yangu, nikahakikisha ameiandika kwenye karatasi yenye jina langu.

“Walimpima, Baba,” nikasema. “Mara moja.”

Nikamtajia namba.