Chui Hana Machozi

Wiki iliyopita nilishuka Bariadi baada ya miaka ya kuhamahama, na kitu cha kwanza kunisimamisha sokoni kilikuwa blanketi. Lilitundikwa mlangoni mwa duka, na katikati yake kulikuwa na mnyama mwenye madoa, ananitazama. Mwenye duka akaniona nimeganda.

"Chui huyo, kaka. Ukijifunika hilo, baridi inakuogopa."

"Huyo siyo chui. Ni duma. Tazama machozi yake."

Akageuka kulitazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu alitundike. "Haya, duma. Bei ni ileile."

Nilicheka. Kisha nikasubiri moyo ushtuke, maana machozi yale nilifundishwa na bibi, na bibi kazikwa Nkololo, si mbali na hapo. Moyo haukushtuka. Nimekuwa hivyo siku hizi, rafiki yangu. Nakumbuka kila kitu, ila nakumbuka kama mtu anayesoma kibao cha njia.

Bibi alinifundisha msimu wa michembe, viazi vitamu vinapokatwa na kukaushwa. Tulikuwa tumekaa uani, yeye anakata viazi, mimi navipanga juani, na harufu yake tamu inaita nzi wote wa Nkololo. Akapitisha kidole kwenye masizi ya chungu, akanichora mstari kutoka kona ya jicho hadi kwenye mdomo, kila upande. "Huyu ni duma," akasema. "Analia hata kabla hajapigwa." Madoa ya duma, alisema, ni choroko zilizomwagika kwenye mkeka, kila punje peke yake. Ya chui ni kama ukikusanya vidole vyote na kuvigusisha kwenye unga: vinaacha duara, katikati patupu. Kucha za duma ziko nje kama za mbwa. Anawinda mchana, ukimpigia kelele anakimbia. Chui anaficha kucha, anapanda miti, na akila kwako leo, kesho anarudi.

Shule niliiacha darasa la tano. Somo hilo limebaki.

Mwaka huo mama alikuwa amefariki akimzaa mdogo wangu, na mtoto alikuwa anaishi kwa maziwa ya mbuzi mmoja mweusi. Mbuzi huyo alikuwa na kizimba chake ndani ya ua wetu wa minyaa, na jioni bibi alifunika kizimba chote, hadi juu, kwa matawi ya mgunga yenye miiba. Wakati huo kulikuwa na mnyama anayeingia mazizini usiku. Mbuzi walikuwa wanapotea, na hakuna aliyemwona.

Basi mchana mmoja, mbwa wa jirani yetu wakamzingira mnyama mwenye madoa kando ya shamba la pamba, na jirani akampiga mkuki. Unajua kwetu ilivyokuwa. Aliyeua mnyama mkali alizungushwa nyumba hadi nyumba kwa ngoma, akipakwa unga wa mtama, na kila nyumba ikatoa chochote. Ngozi ilifichwa haraka, maana askari wa wanyamapori hawakuwa na mzaha, lakini kwanza kila mtu alipita kuangalia. Bibi naye akapita. Aliinama, akamgusa chini ya jicho, akaukunjua mguu wake.

"Siyo huyu," akamwambia jirani. "Huyu ni duma. Mwizi wetu bado yuko hai."

"Mayu, mama yangu, madoa ni madoa!" Jirani alikuwa tayari mweupe kwa unga. Watu wakacheka. Mwingine akasema bibi anatafuta njia ya kukwepa kutoa kuku.

Kuku alimtoa. Ngoma ikaingia kwetu jioni ileile, na ili wachezaji wapate nafasi, vijana wakayavuta matawi ya mgunga kutoka kwenye kizimba na kuyatupia motoni. Bibi alipiga kelele, lakini sauti ya mwanamke mmoja ni nini mbele ya ngoma? Walipoondoka, giza lilikuwa limeshaingia na hakukuwa na tawi hata moja. Akaegemeza kinu na mbao mbili mlangoni mwa kizimba. Juu pakabaki wazi.

Asubuhi mbuzi hakuwepo. Tulifuata alama za kuburuzwa hadi kwenye mgunga mkubwa kando ya mto wa mchanga, na pale juu, kwenye panda ya matawi, tukamwona mbuzi mweusi ananing'inia. Watu wakajaa. Jirani naye akaja, bado ana unga masikioni, akatazama juu.

Bibi alikuwa amembeba mdogo wangu mgongoni, mtoto analia kwa njaa. Hakumtukana jirani. Alimuuliza tu, "Sasa huyu atakunywa ngoma?"

Jirani alipanda mti, akateremsha kilichobaki, akaenda zake. Kesho yake, kabla jua halijachomoza vizuri, tulisikia mtu anakohoa nje, kisha salamu ya asubuhi. "Mwangaluka, mayu." Bibi alipotoka, mtu hakuwepo. Kulikuwa na kibuyu cha maziwa mlangoni. Asubuhi iliyofuata, kikohozi kilekile. Ikawa hivyo kiangazi chote na masika yote, hadi mtoto akaweza kula ugali. Bibi na jirani hawakulizungumzia kamwe.

Juzi nilienda Nkololo. Mgunga umekatwa, pamba imelimwa hadi ukingoni mwa mto. Ua wa jirani haupo, wala jirani. Niliwauliza watoto kama wameshamwona chui, wakasema ndiyo, kwenye simu. Nikajipapasa shavu, pale bibi alipochora masizi. Kavu.

Blanketi nimelinunua. Mdogo wangu anauza dagaa Lamadi, ana watoto watatu sasa, na nilimtumia picha. Akanipigia hapohapo, kwa furaha: "Kaka, chui mzuri huyo! Niletee." Hajui kuhusu mbuzi, wala kikohozi cha asubuhi. Bibi hakumwambia, na mimi nilikuwa njiani siku zote.

Nilifungua mdomo kumsahihisha. Nikasikia nyuma yake mtoto anadai maziwa, na yeye anamjibu, "Subiri, nakuja." Nikaliacha liwe chui, nikasikiliza mtoto anavyokunywa.