Mluzi wa Murunga

Edinah alikuwa ameinama akiosha sukuma wiki ya kuuza wakati mume wake, aliyezikwa Kimilili mwezi uliopita, alipopiga mluzi nyuma ya nyumba.

Ulikuwa ule ule: sauti mbili za kupanda, kisha moja ndefu inayoshuka kama mtu anayeketi baada ya kazi. Hivyo ndivyo Murunga alivyoita kuku wake kila alfajiri kabla ya kwenda kazi ya mjengo. Na kuku wenyewe walikuja mbio, wakasimama chini ya ua wa miti ya kayaba, shingo juu.

Edinah akasogea polepole, maji yakimtiririka mikononi. Katikati ya miiba alikuwepo ndege wa kifua cha rangi ya chungwa, na mstari mweupe juu ya jicho kama aliyepakwa chaki. Akafungua mdomo. Murunga akatoka.

Miaka yote ile, kumbe kulikuwa na mwanafunzi ndani ya ua.

"Huyo ni kurumbiza," binti yake Nanzala akamwambia. "Mwalimu alisema huiga sauti."

"Kurumbiza ni wa shule. Huyu wangu ni Murunga."

Jina likashika ploti nzima. Waiyego, jirani wa mlango wa pili, hakuliacha lipumzike. "Mama Nanzala, mzee leo amechelewa kuamka, ama mmekosana?"

Kisha mwenye ploti akang'oa kayaba ili ajenge ukuta. Kesho yake, kimya. Siku zikapita, kimya. Kuku walikuja tu kusimama kando ya mawe ya ukuta, wakingoja. Mumewe hakuwa mtu wa maneno, na simu yake haikurekodi chochote. Sauti yake yote iliyobaki duniani ilikuwa imeruka na yule ndege.

"Mum, si umpigie mluzi wewe?"

"Mwanamke apige mluzi? Huko kwetu ni kuita mkosi nyumbani. Nyanya yako angenitafutia fimbo."

"Nyanya si ako Kimilili?"

Kulipopambazuka, Edinah akasimama kando ya ukuta, akaangalia huku na huku kama mwizi wa kuku, akakunja midomo. Hewa tupu. Akailowesha, akajaribu tena. Sauti mbili zikapanda zikitetemeka. Ya tatu ikamkatikia njiani.

Kutoka kwenye mparachichi wa ng'ambo, Murunga akaimalizia.

Kuku wakatimka kuelekea huko. Edinah akabaki kiganja mdomoni.

"Haya," Waiyego akasema dirishani, sauti ya chini safari hii, "sasa mmepatana."