Baada ya Kupatanishwa

Ofisini walimwita Bibi Kitenzi, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kusoma riwaya na kunakili jinsi neno moja linavyotumika, ili watunga kamusi wapate mifano. Safari hii alipewa "kupatanisha". Wenzake walicheka wakashika mbavu, maana jengo zima lilijua kwamba yeye na mdogo wake hawasalimiani.

Mama yao aliugua muda mrefu, na Bibi Kitenzi ndiye aliyemlisha kwa kijiko, akamgeuza kitandani, akamfulia mashuka. Siku ya mazishi, mdogo mtu akatokea huko alikokuwa akila raha zake, akasema mbele ya waombolezaji kwamba mama kafa kwa njaa mikononi mwa dada. Watu wakainamisha vichwa. Hakuna aliyemkanya.

Sasa shangazi alikuwa amewaita wote wawili nyumbani kwake, Jumapili. Bibi Kitenzi alitaka kitu kimoja tu: mdogo wake aseme, "Nilikosea, dada." Akazisoma riwaya kwa uroho, kamusi kaisahau, akitafuta watu huambiana nini saa ya kupatana. Waandishi walimtoa jasho la bure. Ugomvi waliupa sura nzima, matusi waliyapanga yote bila kusahau hata moja. Wakifika penyewe, wanaruka. Wazee wakawapatanisha, kitabu kimekwisha. Mmoja alithubutu kumfanya mtu afungue kinywa, kisha mvua ikanyesha na sura ikafungwa. Kitabu hicho alikibwaga mezani. Alianza kuogopa.

Jumapili, shangazi aliwakalisha kochi moja, akahutubia peke yake juu ya damu na ukoo mpaka chai ikapoa. Bibi Kitenzi hakubandua macho mdomoni mwa mdogo wake. Mwishowe yule akakohoa.

"Dada, siku ile mimi..."

Shangazi akainua mkono. "Hapana, mwanangu. Hatufukui makaburi hapa. Peaneni mikono, yamekwisha. Atakayeyarudia, mimi simo."

Wakapeana mikono. Wa mdogo mtu ulikuwa umelowa jasho. Shangazi akafuta machozi ya furaha, akaanza kuwapigia ndugu simu mmoja baada ya mwingine.

Wakielekea kituoni, Bibi Kitenzi alijikaza akauliza, "Ulitaka kuniambia nini pale?"

"Si yamekwisha, dada? Shangazi kashasema." Mdogo mtu alitabasamu, moyo mweupe kabisa, kama aliyetua mzigo. Kisha akauliza habari za kazi.

Bibi Kitenzi akamjibu kwamba kazi inaendelea vizuri. Miaka yote ya kununiana alikuwa na haki ya kungoja, na kila aliyemwona na uchungu alijua sababu yake. Sasa wamepatanishwa, na hata akilia, watu watamwuliza analilia nini.