Mwaka Nilipokuwa Kulungu

Wenzangu mliokuwa wadogo pwani ya Palma miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini, mtanisahihisha nikikosea. Sisi ndio tuliojificha nyuma ya magari makubwa ya wageni, tukahesabu matairi yake mpaka dereva akatufukuza. Asubuhi tulikuwa chuoni tukisoma Kurani, mchana tulikuwa escola tukisoma Kireno, na jioni mikono yetu ilinuka korosho za kuchoma hata sabuni ikashindwa. Vijana wa leo wakisema wamechoka, ni kidole gumba kinachowauma. Sisi tulichoka miguu. Mimi hasa, kwa sababu nilipokuwa na miaka kumi kazi yangu nyumbani ilikuwa kuwa kulungu.

Dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa, na wakwe walikuwa wanakuja kutoka Quiterajo. Baba alipooa, wageni wake walilishwa nyama ya kulungu, naye alijiapiza kuwa harusi ya binti yake wa kwanza haitapungua hapo. Wakati ule friza zilikuwa zimeanza kujaa madukani, na kila mtu alimshauri anunue kuku wa barafu aachane na taabu.

"Watu watoke Quiterajo kuja kutafuna barafu?" alisema Baba. "Sitaki."

Mama alicheka, lakini mimi niliona Baba alivyokaza taya, nikajua hapo hakuna wa kumrudisha nyuma.

Taabu ni kwamba kwetu kulungu hawakuwako tena. Watafiti wa gesi walikuwa wamefyeka njia ndefu porini, magari yalipita kutwa, na wanyama wakahama. Baba alikuwa na rafiki yake Tomasi, Mmakonde Mkristo aliyenunua samaki wakavu kwetu na kuwapeleka bara. Tomasi akasema kulungu bado wapo Nangade, wilaya nyingine kabisa, katika pori la serikali karibu na mto Ruvuma. Pori la serikali maana yake kibali. Baba alikwenda ofisini mara mbili akaambiwa arudi. Mara ya tatu alinichukua mimi, maana nilisoma Kireno kuliko yeye. Fomu ilitaka kujua silaha.

"Wavu," alisema Baba.

Karani alinyanyua macho. "Senhor, unakwenda kuwinda au kuvua?"

"Kuwinda. Lakini nataka nimkute hai, nimchinje mwenyewe. Risasi inaweza kumuua kabla kisu hakijafika, halafu nikawalishe wageni nyamafu?"

Karani alitikisa kichwa, akaandika, akagonga muhuri: kulungu mmoja, dume.

Basi Baba akaunganisha majarife matatu ya zamani, zile nyavu nene za papa, na mazoezi yakaanza. Kila maji yalipokupwa tulishuka ufukweni. Watu sita walishika wavu. Baba alisimama katikati na kisu kiunoni, kwa kuwa mwenye kisu lazima afike kwanza. Tomasi alinikurupusha kwenye matete huku akipiga debe, nami nikatoka mbio, vidole viwili kila upande wa kichwa ndio pembe. Nilikimbilia wapi? Kwa Baba. Ningekimbilia wapi tena? Nikijitumbukiza wavuni alinidaka, akanipigia bismillahi ya uongo na kweli, akanitekenya shingoni. Magoti yalichubuka, na jasho langu lilichanganyika na harufu ya papa, lakini watoto wote wa kijiji walinionea wivu. Watu wazima walisifu. Kila siku kulungu alinaswa palepale alipotakiwa.

Kisha watu wakaanza kupungua. Mjomba Saidi alipata kazi ya ulinzi kambini kwa wageni. Wiki iliyofuata majirani wawili nao wakapata, na wa nne akawafuata. Walikuja kuaga wamevaa kofia ngumu za plastiki, nasi tuliwacheka sana, maana mmoja alikwenda nayo hadi msikitini. Baba hakucheka. Alikaa na wavu wake mapajani mchana kutwa, akishona mahali ambapo hapakuchanika.

Mama aliweka ungo chini. "Mimi na wenzangu tunatanda dagaa kwa capulana kila bamvu, maji yakikupwa sana," alisema. "Nguo zetu za kujifunga ndizo tunazovulia. Wavu ni wavu. Nipe ncha moja."

"Na kisu?"

"Kisu ni chako. Nani kakuomba kisu?"

Hilo kila mtu kwetu alilijua: mwanamke hachinji. Kuku akitakiwa na mwanamume hayupo, tulimpeleka kwa jirani, na jirani asipokuwepo tulikula mboga.

Tulipanda lori la chumvi hadi Nangade. Mama alikuwa na wanawake watatu anaovua nao, mimi nilibeba kibali. Asubuhi ya pili Tomasi na ndugu zake waliingia kichakani na madebe yao. Wavu ulitandazwa, Baba katikati, Mama ncha ya mbali. Nilijiona kama ni mimi niliyemo humo kichakani.

Kulungu alitoka. Alimtazama Baba, akageuka, akaelekea kwa Mama. Hata sikuamini. Siku zote zile nilimfundisha baba yangu kulungu ambaye hayupo duniani, kulungu anayempenda.

Mama na mwenzake waliukunja wavu kama wanavyokunja capulana juu ya dagaa, na mnyama akaanguka ndani. Baba alikimbia, akatumbukia mguu kwenye shimo la muhanga, akaanguka kifudifudi. Tomasi aliwahi, akakamata pembe. Kamba zilikuwa zimemkaba kulungu shingoni, ulimi nje.

"Mama Zuhura, anakufa huyu! Chinja!" Panga la Tomasi lilikuwa kiunoni mwake na hakuligusa. Alijua kwamba akilitumia yeye, Mkristo, wageni hawatakula na harusi imepotea.

Mama hakumtazama Baba. Alichomoa kisu cha samaki kwenye fundo la capulana yake, akageuza shingo ya mnyama upande wa mto, ndiko kibla, akasema, "Bismillahi, Allahu akbar," kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake.

Baba alifika akichechemea. Aliitazama damu, akamtazama mkewe, akaanza kukunja wavu. Katika lori aliketi juu ya wavu akitupa mgongo, na mimi niliogopa. Niliogopa zaidi tulipokaribia nyumbani, maana nilijua akisema amechinja yeye, watu wote watamwamini, na yatakuwa yamekwisha.

Siku ya harusi, sinia zilipowekwa mbele ya wageni, Baba alisimama. "Nyama hii kachinja mke wangu," alisema. Mikono yote ikasita hewani.

Mwalimu wetu wa chuo alimgeukia Mama aliyekuwa mlangoni. "Ulimtaja Mungu?"

"Nilimtaja."

"Alikuwa hai?"

"Hai, mwalimu."

"Basi ni halali. Haikukatazwa, ni sisi hatukuzoea." Akanawa, akachukua kipande cha kwanza. Wazee wawili walikula wali mtupu. Waliobaki walikula mpaka tukakosa hata mfupa wa kumpa paka, na nilimpenda baba yangu siku ile kuliko siku zote.

Sasa Baba hayupo, na kijiji kile kimehamishwa. Vita vilipotukimbiza, Mama alibeba msahafu, sufuria na lile jarife, na ndilo tulilolalia. Mdogo wangu wa mwisho anaoa mwakani. Ameshanionyesha picha za kuku kwenye simu, wamepangwa vizuri kwenye maboksi, hawana kichwa wala miguu wala aliyewakimbiza. Zamani tulilala na njaa ya nyama lakini tuliijua njia yake yote; siku hizi nyama ipo, njia hatuijui. Nimekwenda ofisini kuomba kibali. Wamesema Nangade bado haijatulia, nirudi baadaye. Nimerudi mara mbili, na nitarudi tena.

Jumamosi Mama na wenzake walitandaza lile jarife ufukweni, nami nikawashusha watoto, wakaacha simu zao kwa manung'uniko. Hawa, binti wa Zuhura, ndiye kulungu. Alitoka kwenye matete akacheka, akanikimbilia moja kwa moja, mikono mbele. Nilimdaka, nikamtekenya shingoni, nikamrudisha alikotoka.

"Usije kwangu," nilimwambia. "Kimbia unakotaka wewe."

Kisha nikawatazama wanawake walioshika wavu, kuanzia ncha hadi ncha, nikamwuliza kila mmoja kama ana kisu. Mama, ncha ya mbali, aligusa fundo la capulana yake.